Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mbegu, ofisi ya kilimo hapa Kilosa. Mbele yangu alisimama mwenyekiti wa kijiji kimoja cha ujamaa, upande wa Zombo. Alikuja kuomba mbolea, maana mahindi ya shamba la kijiji yamegoma kupita magoti. Akafungua leso, akamwaga udongo mezani.

Bwana shamba akaufinya, akaunusa, akausogeza dirishani penye mwanga.

"Ndugu Mwenyekiti, huu hauna haja ya mbolea. Hapa hata ukichomeka fimbo itachipua. Umeuchimba wapi?"

"Nyuma ya nyumba yangu."

"Si nilikuagiza wa shamba la kijiji?"

"Ule hauchimbiki, ndugu. Jembe linadunda."

Bwana shamba akavua miwani.

"Nani aliamua shamba la kijiji liwe pale?"

"Kamati. Tena tulipiga makofi wote."

"Kwani kamati yenu haijui udongo?"

Mwenyekiti hakuona aibu hata kidogo. Aliukusanya udongo wake kwa kiganja, akaurudisha kwenye leso, akafunga fundo.

"Tunaujua sana. Mashamba yetu wenyewe tulishayachagua kwanza."

Kila siku redio inahimiza wakulima tufundishwe kuujua udongo. Tufundishwe nini tena? Kila mtu anajua pa kupanda mahindi yake, na anajua vilevile pa kuupanda ujamaa.