Nilivyolipima Paa la Karavani

Aibu hii ilinipata Jumamosi, saa saba na nusu mchana, uani kwetu Mississauga.

Baba alinunua karavani kuukuu ya kuvutwa na gari, lakini kona moja, chini ya sinki, ilikuwa haikauki. Akasema ikizidi kuvuja ataipeleka ikavunjwe. Mimi humo ndimo ninamojificha na vitabu vyangu, basi nilipanda ngazi, nikaziba kila mshono wa paa kwa silikoni. Kona ikalowa tena.

Ndiyo maana siku hiyo nilimwita Baba anishuhudie mimi fundi nikilipima paa kwa mpira wa maji. Nikafungulia maji kwa nguvu. Kidirisha cha paani kilikuwa wazi, wala sikukiangalia.

Ukelele ukatoka ndani. Mlango ukafunguka, akatokea Bibi, kanga imemganda mwilini, birika mkononi.

"Mjukuu wangu, mimi nishatawadha. Nani kakutuma uniogeshe?"

Kumbe naye huikimbia televisheni yetu, akaswali humo kwa utulivu.

"Mama, maji ya udhu unayamwaga wapi?" Baba akamuuliza.

"Wapi tena? Si kwenye sinki!"

Baba akachungulia chini ya sinki. Bomba lilikuwa limechomoka, linamwaga sakafuni. Akanitazama, silikoni imejaa nywelini, akacheka mpaka akakaa kwenye majani.

"Haivunjwi tena, fundi. Paa lako ni zima kabisa!"

Asubuhi iliyofuata nililibana bomba, nikajaza birika, halafu nikamgongea Bibi mlango kabla ya kuingia.