Herufi ya Kwanza ya Jina Lake

Aliletwa ndani ya blanketi, wanaume wanne wameshika pembe zake, na nyuma yao mama mkwe wake amekumbatia kitoto kichanga kilichofungwa shuka. Ilikuwa alasiri ya mvua huko Lumakanda, katika ofisi ya pili ambayo daktari mwenye zahanati ya Kakamega alikuwa ameifungua ili sisi watu wa mahindi tusihangaike kwenda mjini. Mimi nilikuwa karani wa rekodi. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuiomba kompyuta nyingine, iliyokuwa Kakamega, inionyeshe faili ya mgonjwa.

Nasema kuiomba kwa sababu haikuwa ya kuamrishwa. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, na faili zote zilikaa mjini. Sisi tulikuwa na laini moja ya simu na kisanduku cha modemu ambacho kilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia kila kilipojaribu kuunganisha. Mvua ikianza, laini inakatika. Tena, kila alasiri simu ya mjini iliachiwa kompyuta, kwa hiyo hata ukipiga kutaka kuongea na mtu, unajibiwa na mluzi. Mpango huo uliitwa maendeleo. Mimi nilikuwa na jina jingine la kuuita, lakini mshahara ulinifunga mdomo.

Tabibu wetu alikuwa kijana mwembamba ambaye wote tulimwita daktari. Alimgusa yule mwanamke shingoni, akamfunua macho, akanusa, uso wake ukabadilika.

"Homa ya uzazi," alisema. "Imeingia kwa damu. Anataka penisilini ya mshipa sasa hivi. Mama, kuna dawa yoyote mwili wake unakataanga?"

"Sijui, daktari. Nimekaa naye mwaka moja tu. Yeye mwenyewe ndiye anajuanga, na ona, hasemi." Akahamishia mtoto bega la pili. "Rakini arikuwa anatibiwanga kwenu hapo Kakamega, mbere ya kuorewa."

Daktari akanigeukia. Nilijua anachoogopa. Kuna watu ambao ukiwadunga penisilini koo linafunga, na kabla hujaweka sindano chini wameshakwenda.

"Dada, toa faili," aliniambia. "Mimi naweka dripu. Nikimaliza, sindano inaingia, faili ikuje isikuje. Nikingoja zaidi ya hapo atatutoka hivi hivi."

Nikamuuliza mama mkwe jina ambalo msichana alitumia kwao. Akalitaja. Silitaji hapa, lakini linaanza na ile herufi ambayo imetuchekesha na kututesa sisi watu wa huku tangu tuanze kusoma. Mama alitamka R. Mimi nikaandika L.

Sikufikiria. Darasa la nne mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya wenzangu niseme "nilirudi kulala", na kila niliposema "niriludi kurara" darasa lilivunjika mbavu, naye akanirudisha mwanzo. Nilitoka pale na machozi, na pia na sikio jipya. Kuanzia siku hiyo nikisikia jirani anasema "rete chai", kichwani mwangu chai inaletwa kwa L. Nilijivunia sikio hilo. Nadhani ndilo lililonipa kazi ya ukarani.

Modemu ililia, ikaguna, ikanyamaza. Imekataa. Nikapiga tena. Mvua ilikuwa inatwanga mabati hata sikusikia kama mluzi wa upande wa pili umeitika, nikainama nikaweka sikio juu ya kisanduku. Ikashika. Herufi za kijani zikaanza kujitokeza kwenye kioo cheusi, moja moja, bila haraka yoyote. Nikaandika jina, nikabonyeza, nikangoja.

Hakuna mgonjwa wa jina hilo.

Nikaandika tena polepole, nikikagua kila herufi. Hakuna.

"Imesemaje?" daktari aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa anatafuta mshipa kwenye mkono uliokuwa baridi.

"Inasema hayuko."

"Basi hayuko. Labda walienda kwingine."

"Arikuwa hapo!" mama mkwe akapaza sauti. "Mimi siwezi danganya mbere ya mtu anakufa!"

Laini ikakatika. Nilitukana, kwa sauti, mbele ya wanaume wale wanne, na wala sikuona haya. Nikapiga tena. Nikakosea namba, nikaanza upya. Nyuma yangu nilisikia kishindo kidogo cha kichupa kinachovunjwa shingo, maji ya kuchanganyia dawa. Dripu ilikuwa imeshaingia.

Ndipo yule mama akapiga magoti kando ya kitanda na kuanza kumwita mkwe wake. Alimwita kwa jina la kwao, tena na tena, mdomo karibu na sikio la msichana. Aliita kwa R. Na kwa sababu nilikuwa nimechoka na nimeogopa, sikio langu la shule likasahau kazi yake. Nikasikia R.

Nikamkumbuka karani wa Kakamega. Alikuwa mgeni kwetu, mtu wa pwani, na hakujua majina ya Kiluhya. Aliandika alichotamkiwa. Mamake msichana angesema R, naye angeandika R, bila kusahihisha mtu.

Modemu ikashika. Nikaandika jina kwa R, nikabonyeza.

Mstari wa kwanza ukaja: jina. Wa pili: kijiji cha baba yake, upande wa Khayega. Malaria. Malaria tena. Jeraha la jembe mguuni. Kila mstari ulijikokota, na daktari alikuwa ameshainua bomba la sindano, anatoa hewa, anaangalia mpira wa dripu.

Halafu kwa herufi kubwa: PENISILINI, HAPANA. ALIVIMBA KOO, ALIPOTEZA FAHAMU.

"Acha!" nilipiga kelele. "Daktari, acha, usimpe!"

Mkono wake uliganda. Akaja akasoma kwenye kioo, akasoma tena, akaiweka ile sindano kwenye bakuli. Kisha akafungua kabati na kutoa dawa nyingine.

Msichana alikaa kwetu siku kadhaa. Alipopata nguvu ya kushika kalamu na kutia sahihi, tulitazama kitambulisho chake, na hapo jina limeandikwa kwa L. Daktari akaniambia nisahihishe faili ya mjini. Nikamjibu ndiyo. Niliifungua, nikaweka kidole juu ya kibodi, nikamkumbuka mama akimwita kwa R, nikaifunga tena kama ilivyokuwa.

Siku ya kuondoka mama mkwe alinishika mikono yote miwili. Msichana alikuwa nyuma yake, mtoto ananyonya.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umenirindia yeye."

Nikaisikia ile R vizuri kabisa, nikaiacha.