Kaya ya Watu Wawili

Asubuhi ile mimi na dada yangu Somoe tulikuwa tunatwanga mpunga nyumbani kwetu Kitaya, huku tukigombana. Alidai natwanga kivivu, pigo moja kwa matatu yake. Baba alikuwa kibarazani anasuka mgono wa kuvulia samaki, akatuambia tukitaka kupigana tumalize kwanza mchele. Mama alishafariki zamani, tulikuwa watatu tu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Ng'ambo ya Ruvuma watu walikuwa wanapigana na Wareno, nasi tulishazoea mizinga kama unavyozoea ngoma ya jirani.

Ndege za Wareno zilikuja mbili.

Tulikimbilia shamba la mpunga, tukalala kifudifudi kwenye tope.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa inawaka na baba alikuwa ndani.

Watu hupenda kusema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hiyo inanichefua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Somoe kumi na tisa, na hatukuwa nyasi za mtu yeyote.

Lori lilitufikisha Mtwara mjini. Tulilala kwenye baraza la ghala la korosho, na kila alfajiri mlinzi alitufukuza kama mbuzi. Tukasikia kwamba waliounguliwa nyumba kule mtoni wanaandikishwa ofisini, wapewe nyumba katika kijiji kipya upande wa Mpapura. Tukaenda. Karani alikuwa kijana nadhifu kutoka mikoa ya bara, hata mwaka hajamaliza kwetu. Alitazama chale za usoni mwa Somoe, hakutaka kuona kingine.

"Ninyi ni wakimbizi wa Msumbiji," alisema. "Nendeni kituo cha wakimbizi."

"Ndugu karani, sisi ni wa Kitaya," Somoe alimjibu. "Chale hizi ni za Wamakonde wote, wa huku na wa kule."

"Nimeshasema. Kituoni."

Kituoni mwandikishaji alikuwa mzee wa ng'ambo, Mmakonde mwenzetu. Alituuliza ukoo wa mama kwa Kimakonde, akatikisa kichwa. "Ninyi wa Kitaya. Mna nchi yenu, wanangu. Nikiwaandika hapa nitaambiwa naiba raia."

Tukarudi kwa karani. Hakuona haya hata kidogo. Alisema basi tulete barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba ni wenyeji. Nilimwambia mwenyekiti amebaki Kitaya na mgambo, na njia ya huko imetegwa mabomu ardhini, kila mtu anajua.

"Utaratibu ni utaratibu, binti," alisema, akachovya kalamu.

Majina ya waliokuwa wakisubiri yaliitwa pale ofisini kila asubuhi, na kaya isiyoitika ilifutwa. Kwa hiyo mmoja aende, mmoja abaki.

"Wewe baki uitike," Somoe aliniambia. "Njia naijua mimi."

"Twende wote, dada."

"Tukienda wote tutarudi barazani kwa yule mlinzi. Baki, mdogo wangu."

Siku ya nne alikuja mgambo mmoja, kofia mkononi. Alinipa barua. Ilikuwa na majina yetu mawili na muhuri wa kijiji.

Alisema dada aliipata. Bomu alilikanyaga wakati wa kurudi.

Walimzika hukohuko.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwapo mama mmoja wa watoto wanne, naye alisikia yote. Alinishika mkono, akaninong'oneza: "Usiseme, mwanangu. Juzi kijana aliyefiwa na wazazi kafukuzwa hapa hapa. Mtu mmoja si kaya, hapewi nyumba."

Karani aliisoma barua mpaka mwisho. "Mwenzako yuko wapi?"

"Anakuja," nilisema.

Akagonga muhuri.

Nilipewa nyumba ya udongo na makuti, vyumba viwili. Balozi wa nyumba kumi alipouliza habari za dada, nilimwambia amepata mwanaume mjini. Kwa hiyo sikuweka matanga. Sikukaa mkekani nikapewa pole, wala sikulia kwa sauti. Nililia kwenye shamba la mihogo, nimeng'ata kanga. Majirani walisema Somoe ni malaya aliyemtelekeza mdogo wake, nami nikawaacha waseme, maana kumtetea kulikuwa ni kuipoteza nyumba aliyoifia.

Wareno walitega lile bomu, na nitawachukia mpaka naingia kaburini. Lakini aliyemtuma dada yangu akalikanyage ni mtu wetu, mwenye kalamu yetu, na nasikia baadaye alipandishwa cheo. Sijamsamehe. Nina hasira na mimi mwenyewe pia, kwa neno lile moja, ingawa hata leo ningeulizwa tena sijui ningelala wapi kama ningesema kweli.

Hitima ya Somoe niliisoma baada ya miaka mingi, balozi yule ameshakufa na watu wa Kitaya wametawanyika. Majirani walikuja kwa wingi, wakasoma, wakaomba dua, wakala wali. Wakati wa kunawa, binti wa nyumba ya pili aliniuliza kwa adabu, "Bibi, samahani, kwani marehemu ni nani?"

Niliwatazama wote waliokaa mkekani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.