Watoto wangu wanajua napenda michezo ya theluji, kumbe naichukia

Admin, nifichie jina na picha. Mke wangu yumo humu na huwa anasoma mpaka maoni. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, mzaliwa wa Ileje, naishi Tunduma. Ni dereva wa malori ya Zambia na Kongo, mwaka wa kumi na sita huu. Nina mke na watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka tisa, nimwite Tumaini ingawa si jina lake.

Miezi mitano iliyopita niliruka kutoka kabini kama ninavyoruka siku zote, nikatua vibaya, goti likageuka. Nikapelekwa Mbeya, nikapasuliwa, nikaambiwa nikae nyumbani mpaka likae sawa. Hapo ndipo balaa lilipoanza, na balaa lenyewe wala si goti.

Niwaambie kwanza kuhusu TV. Nimewekwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, rimoti mkononi. Chaneli ya michezo kwenye king'amuzi chetu mchana kutwa inaonyesha wazungu kwenye theluji. Jamani, ile michezo inaudhi! Mtu anateremka mlima mzima na mbao miguuni, anabingirika mara nne, anainuka, anajipangusa makalio, anapunga mkono. Magoti mazima! Mimi niliruka ngazi mbili tu za kabini. Wengine wanasukuma jiwe lenye mpini, na watu wazima wawili wanalitangulia na mafagio, wanafagia kama wanatarajia ugeni wa askofu. Kuna binti anazunguka juu ya barafu mpaka wewe unayemtazama unashikwa na kizunguzungu, halafu majaji wanamnyima alama na wala huoni alipokosea. Sisi Ileje tumeteremka milima ya utelezi na mikungu ya ndizi kichwani tangu utotoni, hakuna aliyetupigia makofi.

Sasa aibu yangu ni hii: naichukia michezo hiyo na sijawahi kubadilisha chaneli. Watoto wakirudi shule wanataka katuni, mama yao anataka tamthilia yake. Nawaambia nangoja fainali. Fainali ya nini, sijui. Ukweli ni kwamba nikiachia rimoti itabidi tuongee, na sina cha kuongea nao. Simjui hata mwalimu wa mwanangu. Sikujua mdogo wake hali maharage, mpaka nilipomlazimisha akatapika. Basi wote wakaanza kwenda kutazama TV kwa jirani, nikabaki mwenyewe na wazungu wangu.

Siku moja alasiri mke wangu alikuwa anaanika nguo chini ya dirisha, akiongea na huyo jirani. Jirani akauliza mgonjwa anaendeleaje. Mke wangu akasema, "Yupo na barafu zake. Tunamvumilia tu, shoga yangu. Akipona atarudi barabarani, na sisi tutaendelea na maisha yetu." Hakusema kwa chuki, alisema kawaida tu, kama anaeleza bei ya nyanya. Nikangoja niumie. Sikuumia. Siku ya upasuaji walinichoma sindano ya ganzi, nikawa naona mguu wangu lakini siusikii. Ndivyo nilivyokuwa pale kwenye kochi, mwili mzima, na ndivyo nilivyo mpaka leo ninapoandika.

Jioni nikamwambia nimesikia. Hakukana. Alikaa pembeni yangu akaniuliza, "Baba Tumaini, unakumbuka zile foleni za Mpemba?"

Ninazikumbuka. Malori yakijaa mpakani foleni inarudi nyuma mpaka pale Mpemba, nje kidogo ya mji, na mimi nilikuwa nalala kwenye gari siku tatu, siku nne, karibu kabisa na kwangu. Nilikuwa namwambia siwezi kuacha mzigo. Anakuja yeye na Tumaini na chakula kwenye hotpoti, nakula, narudisha chombo, naaga.

Akasema, "Madereva wenzako walikuwa wanakuja kulala kwao, nilikuwa nawaona. Mwanzo nililia, halafu nikazoea. Sasa na sisi usitushangae."

Alichosema ni kweli. Hakukuwa na mwanamke mwingine wala pombe. Nilipenda tu ule ukimya wa kabini. Nilidhani nikihakikisha wanakula na wanasoma, nimemaliza kazi ya baba.

Wiki hii daktari kaniambia goti limepona, naweza kuendesha. Bosi naye kapiga, kuna mzigo wa Lubumbashi, anataka jibu kabla ya Jumatatu, nikikataa gari anapewa mtu mwingine moja kwa moja. Upande mwingine kuna mzee wa Itumba, kwetu Ileje, ananipa hiace yake ya abiria, unatoka asubuhi, jioni unarudi kulala kwako. Nimemuuliza mke wangu anataka nichukue ipi. Akanijibu, "Amua mwenyewe, baba Tumaini. Mimi kukungoja nilishamaliza."

Wenye familia nisaidieni, matusi nimeshajitukana ya kutosha. Nikienda Lubumbashi, najua nyumba yangu itapumua. Nikibaki, nitabaki mtu nisiyesikia chochote katikati ya watu walioshazoea kuishi bila mimi. Hivi mtu anaweza kuanza kuwa baba mtoto akiwa na miaka tisa?

Jana nilikuwa navaa viatu vya kufunga kamba kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe. Tumaini alikuwa anatoka shule, akasimama mlangoni na begi lake mgongoni, akanitazama. Akauliza, "Baba, unaondoka lini?"

Mama yake angemwangalia mara moja tu akajua anauliza kwa kutaka nibaki au kwa kutaka niende. Mimi nilimwangalia usoni muda mrefu, sikujua. Mpaka leo bado anasubiri jibu. Nimjibu nini?