Rangi ya Bluu na Pumzi ya Yaya Feza

Nakumbuka asubuhi ile nilivyolifungua kopo la rangi kwa ncha ya bisibisi huku naimba. Mwanangu, nilikuwa naimba! Kisangani yetu iko mikononi mwa watu wenye bunduki, mto umekatwa, chumvi inauzwa kwa kijiko, na mimi niko uani kwetu mtaa wa Kabondo naimba kwa sababu nimepata rangi ya bluu. Ndivyo nilivyokuwa ujanani. Shule sikufika mbali, lakini ndoto nilikuwa nazo za kugawia mtaa mzima na nyingine zikabaki. Wenzangu waliota mkate. Mimi niliota nyumba ya bluu.

Nikusimulie taratibu, maana kisa hiki hata mimi mwenyewe sikimezi kwa mkupuo mmoja.

Papa yetu alikuwa fundi wa mitambo melini. Vita vilipougawa mto, meli yake ilikuwa kule chini Kinshasa, na haikupanda tena. Nyumbani tukabaki Mama, dada yangu mkubwa Feza, niliyemwita Yaya kama ilivyo heshima kwetu, na mimi Faustin, kijana wa kubeba mizigo ya watu kwa baiskeli. Watu wakinitazama waliona baiskeli. Mimi nikijitazama niliona mwenye nyumba.

Basi Yaya Feza akapata mchumba, Gabrieli, mvuvi wa kijiji cha Yanonge chini mtoni, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Wazee wake wakatuma habari kwamba Jumamosi watapanda mto na pirogi, ule mtumbwi mrefu, kuleta mahari. Mwanangu, wajua bokilo, yaani mkwe, hapokelewi ovyo. Kwetu mtaani, kabla wajumbe wa mahari hawajafika, nyumba ya binti ilipakwa: kwa rangi, au chokaa, au hata udongo mweupe wa bondeni. Kisha ilifungwa, milango na madirisha, lisiingie vumbi wala jicho la jirani, mpaka wageni wenyewe wafunguliwe. Rangi mpya ionwe kwanza na bokilo. Ilikuwa mila nzuri, siitukani. Lakini mila haina pua. Pua anayo mtu.

Rangi nilipewa na Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo ambaye nilikuwa nambebea magunia. Makopo yalikuwa yamemlalia tangu kabla ya vita.

"Beba tu, Faustin," aliniambia. "Sasa nani anapakaka ukuta? Ukuta yenyewe haijue kama kesho itasimama!"

Tukacheka sana. Ilikuwa rangi ya mafuta, nzito kama asali ya kale, na dawa ya kuilainisha haikupatikana mjini. Nikanunua esansi, yale mafuta ya gari yaliyouzwa kwa chupa kando ya barabara, nikaimimina humo na kukoroga kwa kijiti. Usinishangae. Miaka ile ukikosa kitu ulikorogea kingine.

Sasa nikueleze habari ya Yaya Feza. Tangu utoto, harufu za dukani zilimshinda. Dawa ya mbu, manukato ya mtu kanisani, ndoo mpya ya plastiki iliyoachwa juani, hata mafuta ya taa yakimwagika, yalimbana kifua na kumpasua kichwa, akawa anatafuta hewa kama samaki aliyetupwa mkekani. Alikuwa na njia zake za kuishi. Alilala karibu na dirisha, kanisani alikaa mlangoni, na kitambaa chake cha maji kilikuwa kiunoni daima. Mtaani walimwita Madame Mundele, mama Mzungu. Tena jambo moja lilimponza: moshi wa kuni aliuvumilia. Alipika kutwa bila kukohoa. Hapo ndipo tulipomshikia, na mimi nikiwa wa kwanza.

"Yaya, moshi ya kuni unaiwezaka, alafu parfum ya mutu inakuangusha? Donc pua yako ilisomea Ulaya?"

Uwanja mzima ulicheka. Na yeye akicheka pia, akijifuta macho. Nilidhani ni machozi ya kicheko. Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nikimhesabia dada yangu kunguni wa kitanda chake nikiwa nimesimama mlangoni.

Nilitaka rangi iwe zawadi ya kumshtua. Siku hiyo alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga kwa tantine, yaani shangazi yetu, kutafuta ndizi za wageni. Nikapaka chumba na sebule, pembe kwa pembe, mpaka upande wa ndani wa mlango. Nikafunga madirisha kama mila isemavyo. Nikatoka na mikono ya bluu hadi viwiko, nikakaa barazani kama chifu, bado naimba.

Alirudi mchana, kikapu kichwani. Hakuufikia mlango. Alisimama katikati ya uwanja, akashusha kikapu, akaziba uso kwa kitenge.

"Faustin. Hii harufu iko ya nini?"

"Rangi, Yaya! Njoo uone, bluu kama mbingu! Sababu yako nilifanya, bokilo wakifika washangae!"

"Uliiweka na esansi?"

"Kidogo tu."

Akarudi nyuma hatua, akaegemea ukuta wa jirani. "Bon. Ndugu yangu, mimi sitaweza lala humo. Acha nirudie Lubunga kwa tantine mpaka harufu itoke."

"Alafu bokilo wakifika niwaambie nini? Bibi-arusi amekimbia ukuta? Na nani atawapondea lituma?" Maana lituma ya Feza, zile ndizi zilizopondwa zikaviringwa, hakuna aliyeifikia mtaani.

Mama, mtu wa maneno machache, alisikia akiwa jikoni. "Faustin, fungua madirisha," alisema, basi. Nikafungua. Mama alipogeuka, malori ya askari yakapita yakitimua vumbi, nikaogopa rangi yangu mbichi itachafuka, nikayafunga tena.

Yaya Feza aliniona. Akaitazama mikono yangu ya bluu, akanyamaza, akatandika mkeka wake barazani. Zamani nilidhani alinyamaza kwa kushindwa hoja. Leo najua alinyamaza kwa kunipenda, na ukimya wa mtu anayekupenda, mwanangu, ni mzigo usiousikia mpaka uwe umekwisha kukuvunja mgongo.

Kesho yake asubuhi majeshi mawili ya kigeni yakaanza kupigana ndani ya mji wetu. Habari hizo umezisikia, sitazirudia. Makombora yalipita juu ya mabati yakilia kama nguo inayochanwa. Kila mtu alikimbilia ndani. Mama alimvuta Feza kutoka barazani, nikakomea mlango, nikasimamisha godoro dirishani kuzuia vipande vya makombora. Nyumba iliyofungwa kumsubiri bokilo ikatufungia sisi.

Jua likapanda, mabati yakawaka, na kuta zikaanza kutoa jasho la rangi. Mimi mwenye pua ya kawaida kichwa kilizunguka. Yaya Feza alilala kifudifudi, kitambaa cha maji usoni, mdomo kwenye ufa wa chini ya mlango. Mama alikata kitunguu akakiweka kwenye sahani karibu yake, kama wasemavyo watu kwamba kitunguu hunywa harufu. Hakikunywa kitu. Nilimwona dada yangu akivuta hewa kwa mabega, kwa shingo, kwa mwili mzima, na midomo yake ikigeuka rangi.

"Faustin, fungua."

"Risasi, Yaya! Unataka kufa?"

Akageuza uso kunitazama, akasema polepole, neno na pumzi, neno na pumzi: "Risasi inaweza nikosa. Hii rangi hainikose."

Akafungua komeo mwenyewe. Akatambaa kwenda jiko la nje, kile kibanda cha udongo chenye ukuta wa kufika kiunoni. Mama alijifunga kitenge akatambaa nyuma yake bila kunitazama. Na mimi? Nilibaki ndani na rangi yangu.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Yaya Feza alikuwa ameegemea rundo la kuni, mdomo wazi, anakunywa hewa kama mtu aliyetoka safari ya jangwani. Rangi ya midomo ikamrudia. Hata akaniona, akainua mkono kidogo kunituliza, yeye aliye nje akinituliza mimi niliye ndani. Kisha kombora likaanguka uwanja wa jirani, na ukuta wa jiko ukatawanyika.

Mama hakuguswa. Yaya Feza alipigwa kipande kwenye nyonga. Milio ilipotulia kidogo tulimfunga kwenye baiskeli yangu, mimi nikisukuma, Mama akimshika, mpaka zahanati. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini mguu ule haukunyooka tena.

Na nyumba yangu, mwanangu? Bati halikutoboka, dirisha halikuvunjika. Ilisimama bluu tupu, safi, kati ya nyumba zilizobomoka. Angeweza kukaa ndani salama kama ningemwachia hewa ya kuvuta. Angekuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, kama ningemwachia aende. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuja na kilio chake, na bado ninaye mapajani.

Mji ulipozika watu wake na mto ukatulia, watu wa Yanonge walikuja. Gabrieli alitangulia kuingia uwanjani, akauona ule mguu, akakaa chini mavumbini mbele ya Feza akalia bila haya. Wazee wake wakaelekea mlangoni, kama mila inavyotaka, wafunguliwe nyumba. Mkubwa wao akauliza, "Mama, hatuingie?"

Mama akajibu, "Ndani iko rangi. Bibi-arusi yenu haiwezake."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee aliutazama mlango, akautazama mguu wa dada yangu, akaelewa. Alichukua kiti chake akakiweka karibu na Feza, mgongo wake ukielekea nyumba, na wengine wote wakageuza viti vyao vivyo hivyo. Mahari ikatolewa uwanjani, juani. Hakuna aliyeitazama bluu yangu.

Walipoondoka nilichukua panga nikaanza kukwangua kuta kama mwendawazimu. Mama akaja akanishika mkono.

"Acha. Ukuta haina makosa. Ulipaka sababu ya macho ya wageni, Faustin. Pua ya yaya yako ilikuambia tangu iko mutoto, wewe ukaifanya kichekesho. Alors, leo unakwangua nini?"

Nikaliweka panga chini.

Yaya Feza anaishi Yanonge, katika nyumba ya udongo isiyopakwa, na Gabrieli amemtobolea madirisha pande zote. Akija kunitembelea anaweka kiti chake uwanjani, hata baada ya miaka hii yote, na mimi naweka changu kando yake. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kwa nini hakung'ang'ania kwenda Lubunga. Akacheka kile kicheko chake cha kujifuta macho.

"Ile siku nilikusikia tangu barabarani ukiimba, alafu nikaona mikono yako ya bluu. Nilionea huruma ule wimbo."

Basi sikiliza, mwanangu. Ukimsikia mtu wa nyumbani kwako anasema harufu inamuumiza, usimpime kwa pua yako. Usimwambie mbona moshi anauweza. Mwili wa mtu una sheria zake, na hatukuitwa kuzipigia kura. Muamini kwanza; kuelewa kutakuja kwa miguu yake.

Ukitaka kupaka nyumba, muulize kabla hujanunua. Chagua siku za jua, ambazo madirisha yatakaa wazi kutwa kucha na vumbi liingie tu, vumbi hufutwa. Anayeumia aondoke kabla kopo halijafunguliwa, si baada ya kuanza kukohoa, na arudi siku yeye mwenyewe atakaposimama mlangoni akasema sasa naweza. Hakimu ni pua yake, si yako wewe uliyekwisha kuizoea. Chokaa au rangi ya maji huwa na upole kuliko ya mafuta, lakini hata hiyo kuna inaowachoma, kwa hiyo paka kipande kidogo kwanza, ungoje. Esansi usiitie kamwe. Inaua kwa pumzi na inaua kwa moto. Makopo yaliyobaki yalale nje, mbali na watoto. Kitunguu kipikie mboga. Dawa ya harufu ni hewa. Na pumzi ikimkata mtu, mtoe nje umpeleke kwa mganga wa zahanati, msibishane kwanza.

Na wewe ambaye harufu inakubana, usinyamaze kwa kumhurumia anayeimba. Mkatize. Wimbo atauanza upya, hakuna wimbo uliowahi kufa kwa kukatizwa.

Mungu akujalie nyumba nzuri, mwanangu, yenye rangi uipendayo na madirisha mengi kuliko kuta. Akujalie wageni wengi wa kuikaribia. Na siku atakaposimama mmoja wao uwanjani akiziba uso, Mungu akupe moyo wa kubeba kiti chako, utoke, ukakae naye.