Mikaratusi Juu ya Nduma

Kiwanda cha chai kilicho juu ya Kianjokoma hukausha majani kwa moto wa kuni. Mafuta yangeweza kuifanya kazi hiyo, lakini kila mkulima anajua kwamba gharama yake ingekatwa kwenye bonasi ya chai ya mwisho wa mwaka, na bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo heshima ya mtu kanisani. Kwa hiyo baba yangu alipanda mikaratusi ukingoni mwa kijito, ikanenepa upesi, naye akawa muuzaji wa kuni.

Chini ya miti hiyo palikuwa na nduma za mjane wa ndugu yake mdogo. Nduma hazistawi bila tope, na mama huyo hakuwa na zao jingine. Kila nilipotoka Embu mjini kuja nyumbani, nilikuta tope limepungua na majani yamejikunja kama masikio ya mbwa mgonjwa.

Alikuja kumwomba baba nikiwepo.

"Shemeji, miti yako inaninywea maji. Ikate."

"Kwani nduma zako ndizo zitakausha chai?"

Tulicheka. Kisha baba akalegeza sauti. "Haya, usilie. Mwezi huu naikata yote."

Akaikata. Siku hiyo mjane alichimba nduma zilizosalia, akawachemshia wakataji sufuria nzima, na baba akala kuliko wote. Lori lilipoondoka na kuni, mjane aliteremka kwake akiimba.

Mkaratusi haufi kwa kukatwa. Kisiki huchipua mashina mengi, na machipukizi hunywa kwa pupa. Wenye miti tunalijua hilo. Mwenye nduma hakuwa na sababu ya kulijua. Mvua zilipokwisha, ukingo ulikuwa kichaka.

"Uliniahidi, shemeji."

"Niliahidi kukata. Nilisema kung'oa?"

Chuoni nilifundishwa kwamba bei ya nishati huweza kuangukia asiyeitumia. Sasa nilikuwa nikimtazama usoni, udongo mkavu ukimbanduka miguuni.

Mjane hakubishana. Akasema, "Basi nipe miche ya miti hiyo."

Baba alimpa bure, tena akamchagulia iliyonyooka. Mjane akaipanda mwenyewe katika mashimo ya nduma. Jirani wa chini yake, ambaye nduma zake zilikuwa bado zimestawi, alisimama ng'ambo ya kijito akimtazama, kisha akamwita kwa sauti ya kusihi. Mjane hakuinua kichwa. Aliendelea kushindilia udongo kwa kisigino.