Mahali Mkono wa Placidia Usipofika

Jua likianza kujificha nyuma ya migomba, Placidia huketi kwenye kigoda mlangoni pake, hapo Kibingo, akapandisha mkono wa sweta. Hupima vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kiganja, akatafuta katikati ya kano mbili, akabonyeza kwa dole gumba huku akipumua polepole. Kisha huvua kandambili na kubonyeza pale kati ya kidole gumba cha mguu na jirani yake. Ukimwona kwa mbali utadhani anatoa funza.

Ni mambo ya Wachina hayo. Alifundishwa zahanati na Nesi Joyness, siku ya wagonjwa wa presha, naye Joyness aliyapata semina kwa daktari mmoja wa Kichina.

"Hii ni ya kusaidia tu," nesi aliwaambia, akiwatazama mmoja mmoja kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Vidonge viko palepale. Nikisikia mtu kaacha vidonge eti anabonyeza, tutagombana."

Mkono aliuweza. Mguu aliuweza. Shida ilikuwa shingo. Kuna vibonde viwili nyuma, pale nywele zinapoanzia, na nesi alisema hapo ndipo mwili unapolegea. Lakini Placidia aliwahi kuanguka na mkungu wa ndizi begani, na tangu siku hiyo mkono wa kulia hauvuki sikio. Wa kushoto unafika, ila peke yake unateleza tu.

"Hapo, mama, mtafute mtu wa nyumbani akubonyeze kwa madole gumba yote mawili," nesi alisema. "Nyumbani uko na nani?"

"Wapo," alijibu Placidia.

Hawakuwepo. Mumewe Rwegoshora amelala palepale kibanjani, shambani nyuma ya nyumba, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mwanawe Elipidius yuko Mwanza, hupiga simu Jumapili, huuliza, "Mama, dawa unameza?" na kabla mama hajamaliza kujibu, mtandao unakata.

Sasa, nesi alikuwa amekataza na vitu. Chumvi apunguze. Na kahawa ya kutafuna aache, maana Placidia alikuwa haitafuni kwa adabu ya wageni tu, alikuwa anaitafuna kutwa. Unaijua kahawa hiyo: huchumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu, ikaanikwa mpaka ikakauka. Kila nyumba ina kikapu chake kidogo chenye mfuniko. Mgeni akishaketi, kabla hujamuuliza kilichomleta, unamfunulia kikapu.

Placidia alijijua. Kikapu kikikaa mezani, atakimaliza. Akakisukuma chini ya kitanda, huko mvunguni kwenye viatu vya marehemu.

Wageni walipokuja, alisema, "Jamani, kahawa imeisha."

Hakutaja presha. Kijijini presha huitwa ugonjwa wa mawazo, na mtu akisikia una mawazo atataka kujua ni mawazo ya nani. Wangemtaja Elipidius na miaka ambayo hajaja. Heri waseme kahawa imeisha.

Wageni wakaanza kupungua. Alidhani ni msimu, watu wako mashambani. Msimu ukapita. Vumbi likatanda kwenye benchi la sebuleni. Alilipangusa, likatanda tena, na alama ya makalio ya mtu haikuonekana. Alipika ndizi na maharage sufuria ileile ya zamani, ya watu wengi, kisha akala kiporo mpaka akakichukia. Jioni alisikia vicheko vikitoka kwa jirani yake Mukashema, akainamisha kichwa na kubonyeza mguu wake.

Zahanati, kipimo kilikuwa bado juu.

"Shingo wanakubonyeza?" nesi akauliza.

"Wananibonyeza."

"Basi waambie waache uvivu."

Siku hiyo, akirudi, alikutana njiani na Mukashema mwenyewe, ana mzigo wa nyasi za kutandaza kibanjani.

"Mama Elipidius! Kumbe bado uko hai?"

"Niko hai, Mama Dusabe. Nyie ndio mmenihama."

Mukashema akautua mzigo chini, puu. "Sisi? Wewe ndiye uliyetufukuza."

"Mimi? Kwa neno gani?"

"Ungetufukuza kwa neno tungegombana, yakaisha. Umetufukuza kwa kahawa! Wazazi wangu walitoka Rwanda, hii ya kutafuna nimefundishwa na wewe, sebuleni kwako. Ukaniambia mwenyewe, ukiona mgeni hapewi kahawa, ujue anaambiwa aondoke. Halafu nakuja kwako, kahawa imeanikwa uani mpaka mbuzi wanaikanyaga, unaniambia imeisha! Nikamwambia mume wangu, leo nimefukuzwa kistaarabu."

Kweli, kahawa ilikuwa uani. Walikuwa wakiipita wakiingia, wakaipita tena wakitoka.

"Nina presha," akasema.

"Ya mawazo?"

"Ya kahawa, na chumvi, na uzee. Na mawazo pia, nisikudanganye."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, mngeanza kumsema Elipidius."

"Mbona tunamsema tu!" Mukashema akasema, akajitwika nyasi zake. Hakusema kama atakuja.

Kesho yake Placidia alikitoa kikapu mvunguni, akakikung'uta, akakijaza, akakiweka mezani. Akaketi akikitazama. Hakuja mtu. Keshokutwa pia. Harufu ya kahawa ilimjia puani, mate yakamjaa, akayameza.

Siku iliyofuata hodi ilipigwa mlangoni. Mukashema akaingia, akakaa benchini bila kungoja kukaribishwa. Placidia akafunua kikapu, akakipeleka kwa mikono miwili. Ni desturi mwenye nyumba achukue kwanza. Akachukua punje moja, Mukashema akimkodolea macho. Hakuitia mdomoni. Aliiweka juu ya mkono, katikati ya zile kano mbili, akaikandamiza kwa dole gumba.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Yangu naitafuna hapa siku hizi."

Mukashema akacheka mpaka akapaliwa. Wakazungumza habari za mvua, za mbuzi, za bei. Kikapu kikapungua. Mwishowe akajifunga kitenge vizuri ili aondoke, na Placidia akaona benchi likibaki tupu tena.

"Mama Dusabe," akasema, akitazama sakafu. "Kuna mahali mkono wangu haufiki."

Alieleza vibaya, kwa aibu, lakini Mukashema alielewa. Akazunguka nyuma yake. Madole yake yalikuwa magumu kwa jembe, yananuka kahawa.

"Hapa?"

Yalikuwa yametua kwenye vibonde vyenyewe, kabisa. Placidia akafumba macho. Hakuna aliyemgusa shingo tangu mumewe azikwe.

"Bado," akasema. "Endelea kutafuta."